Mkuki Mmoja, Watu Wawili

Sogeeni, wanangu, Gib na wewe Sim, na mwache kugombania kondoo nikiwa bado napumua. Kondoo mtagawana nusu kwa nusu, nyumba ni ya mama yenu mpaka afe, na atakayemtoa humo nitamwandama hata nikiwa kaburini.

Nililowaitia ni wapinsho, ule ukaguzi wa silaha. Kwa babu yangu lilikuwa neno la kutetemesha: mfalme ameamuru kila mwanamume aje uwanja wa kanisa aonyeshe silaha zake, zihesabiwe, na asiye nazo achukuliwe ng'ombe. Kwa baba yangu likawa siku ya kujitapa mbele ya majirani. Kwenu ni bia, kulenga shabaha, na bata bukini kwa mshindi. Jumanne mlirudi mnacheka, "Baba, karani tumempiga chenga!" Gib kaonyesha mkuki, kampitishia Sim nyuma ya ukuta, ikaandikwa mikuki miwili. Sikucheka, maana ujanja huo niliufanya mimi na mdogo wangu Dand.

Mwaka ule bwana mwenye ardhi hii alisoma mikuki mia mbili kwenye orodha yake, akatupeleka kivukoni tuwazuie Waingereza waliokuja kuchoma mashamba. Tulipojipanga, hata mia haikufika. Kumbe wote tulikuwa wajanja. Farasi wakatupasua. Jirani yangu wa kulia alikatwa taya likaning'inia, na mimi niliteleza kwenye matumbo ya watu niliokula nao asubuhi. Dand alishika mpini wa jembe. Akaninyooshea mkono vilevile kama kule kanisani: "Hob, nipe, zamu yangu." Sikumpa. Chuma kilimwingia shingoni kikatokea mgongoni, naye ananitazama. Miaka thelathini nimewaambia watu kwamba sikumwona. Nilimwona, wanangu. Niliogopa kufa, basi.

Sasa bwana anataka watu wawili na mikuki miwili kutoka nyumba hii kesho asubuhi, waende vitani. Gib, wewe mkubwa, kwa desturi mkuki ni wako, lakini nasema apewe Sim. Wewe nenda kwa bwana ukaseme kweli, kwamba mkuki ni mmoja. Atakuchapa, atakufunga, lakini utarudi kwa mama yako. Nizikeni karibu na Dand, si ubavuni pake, sistahili. Mungu awape uzee... nyote wawili, si mmoja...

Mpe sasa, nione. Gib. Fungua mkono, mwanangu.