Shibiri Moja ya Shaba

Marehemu Kapembwa Chishala alizaliwa tarehe 4 Juni 1949, Kasama. Mjane wake, Bupe, ameomba wasifu huu nisome mimi Jere, mtani wake Mngoni, maana Wabemba wenzake wangelia kabla hawajafika kwenye habari za shule.

Shule aliishia darasa la sita. Mimi la tatu, na bado nasoma kumshinda.

Mwaka 1968 aliajiriwa mgodini hapa Luanshya, fundi wa simu za chini ya ardhi. Alimwoa Bupe mwaka 1972. Simu zake hazikuwa na betri. Ukisema, sauti inatikisa kibati chembamba mbele ya sumaku, mtikisiko unageuka umeme mdogo, unapita kwenye waya, na kule juu kibati kingine kinatikisika vilevile. Basi unasikika. Sisi wachimbaji tulizicheka, tukaziita simu za vikongwe.

Tarehe 12 Septemba 1983 mwamba uliporomoka ukatufungia, yeye na mimi. Taa zikafa. Simu ipo ukutani, kengele imepondeka, waya umekatika. Tulipapasa gizani mpaka tukazipata ncha mbili: zimepungukiwa shibiri moja kukutana. Tumezungukwa na shaba ya kulisha dunia, tumekosa shibiri moja. Saa ya ishirini mashine za kututafuta zikanyamaza. Walishatukatia tamaa.

Marehemu akanishika mkono. "We mla panya, lete hiyo bangili yako ya shaba."

"Ya kutibu baridi yabisi? Si ulinicheka nayo?"

"Lete. Tukitoka nitakucheka tena."

Akainyoosha kwa meno, akaibana katikati ya zile ncha kwa vidole, asiweze hata kujikuna. "Sasa ongea. Kengele hatuna, ongea mpaka mtu ainue simu kule juu. Mdomo wako ndio betri."

Niliongea saa sita. Hadithi zikaisha, nikaanza kuwatukana Wabemba, hao wala nyani, ukoo kwa ukoo. Nikipumzika, ananikanyaga. Mwisho ikatoka sauti kwenye simu: "Nani anatukana watu humu?"

Tulitolewa saa ya thelathini na moja.

Mwaka jana saratani ya koo ilimchukua sauti. Kila jioni nilimpigia, Bupe akimshikia simu sikioni, nami naongea. Nikinyamaza, anagonga simu kwa ukucha. Tarehe 9 Februari 2025 nilinyamaza, nikasubiri kugongewa. Nikasubiri sana.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na mimi.

Desturi inataka mtani nishuke kaburini, nigome kutoka mpaka nibembelezwe. Leo sishuki. Shimo letu la pamoja tulishalikaa. Kile kipande cha shaba nimemwekea kiganjani. Apumzike kwa amani, na vidole sasa avilegeze.