Fundi Amefika Dirishani

Benchi letu linatazamana na geti la hospitali, na kwa wiki tatu lilikuwa darasa la Fundi Cherehani. Tangu baba yake aingie mle kwa miguu akatoka kafunikwa shuka, fundi akinusa dawa tu pumzi zinamkatika. Sasa mama yake kalazwa humo humo. Daktari wa mambo ya hofu akampangia hatua: kwanza akae nasi atazame geti mpaka moyo utulie, kisha alishike, kisha asimame kwenye dirisha la usajili, kisha korido, mwisho kitandani kwa mama. Asiruke hata moja. Siku hiyo alikwenda dirishani, tukabaki na kahawa na midomo yetu.

— Wiki tatu, hatua mbili! Kinyozi akaanza. Kobe angeshaingia akatoka na dawa zake.

— Mwache, akasema Nyundo, seremala wetu. Haraka haraka haina baraka.

— Na mgonjwa naye angoje baraka? Mfungeni kitambaa machoni, msukumeni ndani. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Macho ya nini? Hofu yake iko puani, akadakia Redio, muuza magazeti asiyezimika. Mzibeni pua kwa pamba.

— Pamba puani? Si watampokea mochwari!

Tukacheka. Nilicheka kuliko wote, Mungu anisamehe.

— Basi Nyundo amgonge kisogoni, akasema Redio. Azimie, abebwe kwa machela, azindukie kando ya mama yake. Dawa ya moto ni moto.

Muuguzi akavuka barabara na mfuko wa nailoni. Ndani niliona ndala na chanuo.

— Mlinzi wa geti kanielekeza kwenu. Mtoto wa mama wa kitanda cha tisa ni nani hapa?

— Yuko dirishani, nikamjibu. Anafanya mazoezi yake. Kila siku yuko hapa, dada, hakosi.

Akautazama mfuko.

— Mama ametutoka asubuhi hii. Kila siku aliniuliza amemkosea nini mwanawe. Hivi, hakuna hata mmoja wenu aliyeingia kumwambia yuko hapa nje?

Redio akaanza kukunja magazeti yake. Mimi choo cha mle ndani nakitumia kila siku. Wodi ya wanawake ni mlango wa pili kutoka hapo.

Fundi akatokeza getini, shati limemlowa jasho, anacheka, kainua vidole vitatu.