Mkono Aliouita Mke Mwenza

Ndugu waombolezaji, haya ni maisha ya kaka yetu, na mjane wake, wifi yangu, amesema yasomwe yote, hata ya wivu wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa fundi cherehani na mkunga, akamaliza sekondari mwaka 1989, akahitimu uhandisi wa umeme mwaka 1994, kisha akaajiriwa kwenye maabara ya roboti, alikofanya kazi ya kutengeneza ngozi bandia, mpira laini wenye vihisio ndani, ili roboti lijue kama limeshika yai au nyundo.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa binti mmoja mwaka 2001. Ngozi mpya ilitaka kuzoezwa kuguswa, naye hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo, kutwa anaupapasa mkono wa roboti, anautekenya, anaubonyeza kidole kwa kidole, na jioni anarudi nyumbani mikono imechoka, anailoweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, huku wifi, aliyengoja kushikwa bega tu, anaambulia salamu. Wifi hakuuficha wivu wake, mkono ule akaupa jina la Mke Mwenza, na ulipopata tuzo aligoma kwenda kwenye sherehe, akisema hawezi kumpigia mwenzake makofi.

Mwaka 2021 marehemu aliugua mishipa ya fahamu, vidole vikafa ganzi, ikawa wifi akimshika mkono hana habari, ilhali Mke Mwenza kule maabara anahisi hata unyoya, na hilo lilimuuma wifi kuliko yote. Mei mwaka huu marehemu aliomba mkono uletwe hospitalini, wifi akanuna, akasema sasa amefuatwa mpaka wodini. Marehemu akambembeleza aushike, naye akauminya kwa hasira, taa zote kwenye skrini ya kando ya kitanda, iliyounganishwa na mkono ule kuonyesha unavyoguswa, zikawaka nyekundu, marehemu akacheka, akasema huyo ndiye mke wake hasa. Tangu hapo kila jioni wifi aliushika, taratibu, mumewe akizisoma taa, hadi jioni ya tarehe 3 Juni 2024, taa zikiwa bado zinawaka na msomaji hayupo tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, na wafanyakazi wenzake waliouleta mkono ule hapa leo, ila wifi ameomba ukae mstari wa pili, kwa kuwa wa kwanza ni wa mke.

Kaka yetu, pumzika kwa amani.