Mtama Kifuani Mwangu

Bwana na asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana mara ya kwanza mmeitika kama watu waliolala njaa. Haya, hapo sawa. Mimi ni Mama Lusia wa Newala huko juu. Nimetembea siku tatu kuja hapa Masasi na miguu bado inawaka moto, lakini sikuja kula sikukuu. Nimekuja kusema jambo lililonipata.

Ilianza mwaka ule kabla ya vita vya Maji Maji. Nilikuwa natwanga muhogo, mchi ukaniponyoka ukanigonga titi la kushoto. Nilipojishika pale palipouma nikakuta kitu kigumu, ukubwa wake kama njugumawe. Nikasema ni uvimbe wa mchi, utashuka. Haukushuka! Njugumawe ikawa yai la kuku, chuchu ikazama ndani, na ngozi ikavutwa hata nembo zangu zikapinda. Kina mama mnazijua nembo. Bibi yangu ndiye aliyenichanja nilipotoka unyagoni, mstari kwa mstari, kulia na kushoto, na niliuma kijiti nisilie. Ndiyo iliyokuwa fahari yangu. Sasa naziona zinakunjwa na kitu kisichoonekana, na mimi ninafanya nini? Ninaficha! Ninakaza kaniki, ninacheka na watu, ninateka maji.

Aliyenigundua ni mume wangu. Baba Lusia ni mtu wa maneno machache, ukimwuliza jambo asubuhi anakujibu jioni. Siku hiyo alinitazama nikiinua mtungi kwa mkono mmoja, akasema, "Twende Masasi." Basi. Hakuuliza, hakugomba. Tukashuka.

Ndugu zangu, hapa misheni palikuwa na mganga wa Kizungu aliyekuwa amefika kutibu watu. Akanipapasa, akanawa mikono, akasema titi litolewe lote. Nilicheka! Haki ya Mungu nilicheka, nilidhani Kiswahili kimemshinda. Mtu hukatwa tezi, hukatwa kidole kilichooza. Titi! Nikamtazama mume wangu nione kama naye anacheka. Alikuwa anatazama chini, na machozi yanadondoka kwenye vidole vya miguu yake. Sikuwahi kumwona mwanamume yule akilia. Ndipo kicheko kikaniishia, nikajua ninakufa.

Walinipa dawa ya kunusa. Nilipoamka kifua kilikuwa kimefungwa vitambaa, upande mmoja una mlima, upande mwingine uwanda. Nilipiga kelele hata watu wa sokoni wakasikia. Mganga aliniambia wazi: amekata alichokiona, asichokiona anamwachia Mungu. Nikakaa miezi miwili nikioshwa donda, nikifundishwa kuupandisha mkono ukutani kidogo kidogo kama mjusi. Siku ile mkono ulipofika juu ya kichwa nilisema, Bwana asante, sasa nitateka maji.

Loo! Sikujua.

Nyinyi wa Masasi mna visima karibu, hamwelewi. Sisi Newala maji yako bondeni. Unashuka mteremko tangu alfajiri, unapanda na mtungi kichwani jua limeshachoma, mikono yote miwili juu. Na kaniki ya mwanamke inashikwa na nini? Niambieni! Unaifunga kwapani, na kinachoizuia isishuke ni maziwa yenyewe mawili. Mimi nilikuwa na moja. Siku ya kwanza tu, katikati ya mteremko, wanawake kumi mbele na wengine nyuma, nikasikia upepo kifuani. Kaniki iko miguuni! Mikono yangu iko juu, nikiishusha mtungi unavunjika, nisipoishusha wananiona. Niliuachia mtungi. Ulipasuka, maji yote yakaenda, nikajikunja juu ya vigae nikijifunika kwa viganja. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Walipita mmoja mmoja wakikanyaga pembeni, kana kwamba nina ukoma.

Tangu siku hiyo niliapa hakuna jicho litakaloona pale tena. Hakuna. Hata jicho la Baba Lusia. Nililala na kaniki imefungwa shingoni. Akinyoosha mkono, namgeuzia mgongo. Hakusema neno, na mimi nikadhani kunyamaza kwake ni kunichukia.

Sasa mtazameni yule mama aliyeketi pale mlangoni na ukaya wake kichwani. Yule ni Bi Salima. Ni Mwislamu, hakuingia ndani, lakini masikio yake yameingia. Mumewe anashona kanzu na kofia hapa sokoni. Niliporudi misheni kuonyesha kovu, alinikuta nimekaa barazani kwake, nimejikunyata, kaniki nimeishika kwa meno. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi." "Marahaba. Mwenzangu, kaniki ni ya kuliwa?" Nikaanza kulia. Akanivuta ndani, akafunga mlango, akasema, "Onyesha." Nikakataa. Akasema dada yake alikufa kwa ugonjwa huo huo, watu wa pwani wanauita saratani, alikufa kwa sababu alificha. "Nilipoiosha maiti yake ndipo nikaona. Wewe nataka nikuone ukiwa hai." Nikamwonyesha.

Mama huyu alinipima kwa uzi! Alipiga fundo hapa, fundo pale, akanipima asubuhi, kisha akanitwangisha mtama akanipima tena, maana mwili ukifanya kazi huvimba. Akanishonea kanchiri. Si kile kitambaa cha kujikaza tu ambacho wasichana hufunga. Nje merikani ngumu, ndani kanzu kuukuu ya mumewe, iliyofuliwa mpaka ikalainika kama sikio la mtoto. Hakuweka mshono kwapani, kwa sababu pale kovu linawasha. Kanda za mabegani alizifanya pana. Upande wa kushoto akashona mfuko. Kwanza akautia sufi. Weee! Sufi ni nyepesi, nilipotembea titi lilipanda likafika begani! Tulicheka mpaka mumewe akagonga mlango kuuliza kuna nini. Ndipo akatia mtama chini, sufi juu. Ukawa na uzito sawa na mwenzake. Nikainua mikono, nikaruka, nikainama. Kaniki haikushuka! Ndugu zangu, nililia kwa furaha pale chumbani kama mtoto aliyepewa nguo ya sikukuu.

Lakini Bi Salima alinionya jambo moja. "Mtama huu nimeukaanga. Ukitia mwingine, ukaange, la sivyo jasho litauotesha." Nikasema, ndiyo, nimesikia. Nilisikia kweli. Tatizo langu mimi ni ubishi, na Baba Lusia pale nje dirishani anatikisa kichwa, anajua.

Vita vikaja. Mnajua yaliyotukuta, sina haja ya kusimulia misheni ilivyoungua hapa hapa mlipokaa. Wapiganaji walipopita, wakafuata askari wa Mdachi, wakachoma maghala. Huko kwetu tulibaki na mbegu za mtama konzi tatu, nami ndiye niliyeambiwa nizifiche. Nifiche wapi? Paa linachomwa, shimo linafukuliwa. Nikawaza, kuna mahali pamoja ambapo hapatafutwi na mtu yeyote. Nikaumwaga mtama uliokaangwa, nikautia wa mbegu. Na mbegu haikaangwi, kina mama, ukiikaanga si mbegu tena! Nikashona, nikavaa. Sikumwambia mtu, hata mume wangu, maana hata kutaja pale kifuani kulinichoma.

Baada ya muda kanda moja ikakatika. Nikamwambia Baba Lusia nataka kwenda Masasi kwa Bi Salima. Njia ilikuwa mbaya, lakini akachukua fimbo yake, tukashuka. Nilibeba buyu la maji kichwani. Tulipofika Lisekese, tukageuka kona ya njia, hao! Askari sita, akida mmoja mtu wa pwani, na Mdachi ameketi kwenye kiti cha kukunja. Na kamba juu ya mti. Watu wawili walikuwa wameshaning'inia. Buyu likaniponyoka, maji yakanimwagikia kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Akida akatazama. Kile kifua changu cha kushoto, kanda imekatika, kimelowa, kimening'inia kimekaa upande. Akamwashiria askari, askari akakisukuma kwa mdomo wa bunduki. Mshono ukaachia. Mtama ukaanza kudondoka chini, ta, ta, ta, mwingine umeshatoa ncha nyeupe kwa jasho langu la siku nyingi.

"Maji!" akida akasema. "Maji na mtama!"

Ndugu zangu, mnakumbuka dawa ya vita ilivyokuwa? Maji na mtama! Mtama ndani ya maji, mtu anyunyiziwe, risasi isimpate. Watu walikuwa wananyongwa kwa kukutwa na kibuyu chake. Na mimi hapa, mtama kifuani, maji yananitiririka. Nilitaka kusema ni mbegu. Na hata ningesema, nani angeamini mwanamke anabeba mbegu ndani ya titi?

Akida akauliza, "Dawa hii ya nani?"

Na hapo ndipo nilipopata mshtuko ambao haujanitoka mpaka nasimama hapa. Baba Lusia aliweka fimbo chini, akasogea mbele yangu, akasema, "Ni yangu. Nimembebesha tu. Mwacheni."

Nikasema moyoni, mtu huyu ana wazimu? Baadaye ndipo aliponieleza. Miezi yote ile alikuwa anasikia mtama ukichakacha ninapogeuka kitandani. Alidhani kaka yangu aliyeingia vitani amenipa dawa ya vita niifiche. Alidhani ndiyo sababu ninamgeuzia mgongo! Akanyamaza asije akanitia hatarini, na siku zote akaenda karibu nami ili tukikamatwa aseme ni yake. Mimi nadhani ananichukia, kumbe anangoja kumfia mtu asiyemwonyesha hata kifua!

Wakamshika. Askari mmoja akaenda kuvuta kamba.

Niliapa hakuna jicho, ndugu zangu. Niliapa. Lakini nilisema, "Yesu, niangalie wewe kwanza," nikafungua kaniki. Nikavuta kanchiri, nikaitupa miguuni pa akida. Nikasimama wazi hadi kiunoni, mchana kweupe, mbele ya askari sita, akida na Mzungu. Upande wa kulia nembo za bibi yangu. Upande wa kushoto mfupa na kovu. Nikasema kwa nguvu zangu zote, "Dawa ya vita ni hii? Nilikatwa misheni! Huo ni mtama wa mbegu nimeuficha msiuchome! Mkitaka kunyonga, ninyongeni mimi, huyu hajui kitu, hajawahi hata kuona!"

Yule askari aliyeshika kamba aligeuza uso. Akida akasema, "Astaghafirullahi," akafumba macho, mtu mzima yule, akafumba macho kama mtoto. Akamwendea Mdachi, akasema naye maneno machache. Mdachi alinitazama mara moja, akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Akida akarudi, hakunitazama, akamwambia mume wangu, "Mfunike mkeo, mwende."

Lakini Baba Lusia hakunifunika upesi. Alisimama akaniangalia. Mara ya kwanza. Aliniangalia upande wa kulia, akaniangalia upande wa kushoto, akasema, "Kumbe ni hivi tu?" Hivi tu! Mwaka mzima nalala kama maiti kwenye sanda, naye anasema kumbe ni hivi tu! Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Akaniviringisha kaniki, akaifunga vizuri kuliko nifungavyo mimi, kisha akapiga magoti kwenye vumbi, pale pale karibu na miguu ya wale waliokufa, akaanza kuokota mtama. Nami nikapiga magoti. Tukaokota punje moja moja, akida akitutazama. Huo ndio tuliopanda mvua ziliponyesha. Huo ndio tuliokula mwaka ule watu walipokula mizizi.

Mungu ni wa ajabu jamani! Nilimwomba anifiche, akaniokoa kwa kunifunua. Sijaelewa bado. Nikielewa nitawaambia. Mganga alisema asichokiona anamwachia Mungu, na mimi nimemwachia, kila asubuhi naamka najipapasa kwapani, nasema asante, leo tena nipo.

Basi nasema na nyinyi kina mama, na mwanamume mwenye mke naye asikie. Aliye na kitu kigumu kifuani asifiche kama nilivyoficha mimi. Aliyekwisha kukatwa asijikunyate. Mtumainini Bwana, kisha mtoke hapa mje pale mlangoni. Nitawaonyesha kovu langu, sioni haya tena. Bi Salima amekuja na uzi wake. Na mtama msihangaike nao, Baba Lusia amewasha moto nyuma ya kanisa, anakaanga mwenyewe, na kila konzi anaonja kwanza kuona kama umeiva. Amina!