Lifti ya Mwisho wa Reli

Pale barabara ya Kibirizi, mjini Kigoma, inapokata kona kuteremkia mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, mbele ya duka la chumvi, palikuwa na benchi, jiko la kahawa la Bwana Abdulatif, na gunia la chumvi iliyoganda ikawa ngumu kama jiwe. Kichwani mwa benchi, mahali pekee penye ukuta wa kuegemea, alikaa Mzee Mwinshehe, karani mstaafu wa reli, aliyeitwa Kalenda kwa kuwa hakuweza kutaja hata mafua yake bila kutaja na tarehe yalipoanza. Sheria ya kijiwe ilikuwa moja, iliyopitishwa Jumapili, tarehe 12 Machi 1989: atakayetamka neno “sijui” atahamia kwenye gunia, mahali ambapo moshi wa jiko na harufu ya dagaa hukutana, wala hatatoka huko mpaka mwingine alitamke. Kwa sababu hiyo, tangu siku ile ni nadra swali kukosa jibu kijiweni hapo, na ni majibu machache sana yaliyowahi kuwa ya kweli. Mzee Mwinshehe hakuwa amelikalia gunia hata mara moja, na heshima yake yote ya uzeeni, baada ya reli kumsahau, ilikuwa imeegemea ukuta ule.

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1996, gunia lilikuwa na mtu: Nikodemu, mvuvi wa dagaa, ambaye Jumanne iliyopita aliulizwa na mkewe, mbele ya mashahidi, usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa wapi, neno likamponyoka. Tangu hapo alikuwa na nia moja tu, kumtoa Kalenda ukutani. Chini, mchangani, mitumbwi ya injini ilikuwa ikishusha watu waliokimbia vita vya ng'ambo ya ziwa, nao walikaa juu ya mafurushi yao wakingoja malori ya kwenda kambini. Jambo hilo kijiweni halikuzungumzwa. Lilikuwa karibu mno. Wazee walipendelea mambo ya mbali.

— Leo asubuhi, alianza Mzee Mwinshehe, redio imearifu kwamba mabingwa wa Ulaya wanatafakari kujenga lifti ya kwenda anga za juu. Waya mmoja, kutoka ardhini, kilomita elfu thelathini na sita kwenda juu, na chumba cha abiria kinaupanda.

— Acha fiksi, mzee! alisema Faridi, mchukuzi wa mizigo aliyeitwa Mabega. Wewe lifti umeiona wapi?

— Nimeipanda. Dar es Salaam, tarehe 9 Agosti 1967, mpaka ghorofa ya nne.

— Ukashuka nayo?

— Nilishuka kwa ngazi.

— Kwa nini?

— Kwa heshima.

Nikodemu alikohoa moshi, akasogea mbele ya gunia lake.

— Haya, Mzee Kalenda. Mimi kila siku nashusha kamba ziwani. Kamba ikiwa ndefu sana, inakatika kwa uzito wake wenyewe, hata bila wavu. Hiyo ya kwako itashikwa na nini?

— Haishikwi kutoka chini, bwana. Imening'inia kutoka juu.

— Juu imefungwa wapi?

— Kwenye jiwe kubwa.

— Na jiwe limefungwa wapi?

— Kwenye kamba.

Faridi alijipiga paja. Bwana Abdulatif nusura amwage kahawa.

— Oya, oya! alipiga kelele Nikodemu. Kamba inashika jiwe, jiwe linashika kamba! Hao ni walevi wawili wanarudishana nyumbani!

— Na hufika, alijibu Mzee Mwinshehe kwa utulivu. Dunia inazunguka, jiwe linataka kuchomoka, kamba inalikatalia. Ndipo waya unapokaza. Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu.

Hakuna aliyeona mbivu zimeingiaje hapo, lakini ilikuwa methali, na kijiweni methali ilipewa njia kama gari la wagonjwa.

— Jambo kubwa, aliendelea, ni pahali pa kuijenga. Wanataka karibu na ikweta. Nawauliza: reli ilifika Kigoma lini?

— Februari 1914, walijibu wote kwa pamoja, kwa uchovu.

— Ikasimama hapa. Mwisho wa reli. Mbele ziwa, kulia na kushoto milima. Reli hiyo ikitaka kuendelea, imebakiwa na njia gani?

Wote walitazama juu.

— Mh! alisema Faridi. Mzee, hapo umeua. Na mimi naona biashara. Novemba hii mvua inatuozeshea dagaa mchangani. Tunawapakia kwenye lifti alfajiri, wanavuka mawingu, wanakauka kwa saa mbili tu, mchana wako sokoni. Si ndiyo maana wakasema mchumia juani hulia kivulini?

— Hiyo lifti itachukua muda gani? aliuliza Bwana Abdulatif. Nataka kujua kama kahawa itafika ya moto.

Mzee Mwinshehe alifumba macho akakokotoa.

— Treni hutoka Dar es Salaam hadi hapa siku mbili. Kwa mwendo huohuo, hadi juu ni karibu miezi miwili.

— Na ikichelewa?

— Katika utumishi wangu wote treni haikuchelewa. Ni saa za watu zilizokuwa zikitangulia.

Nikodemu aliona upenyo.

— Miezi miwili! Abiria watajisaidia wapi?

— Kama kwenye behewa. Ni marufuku treni ikiwa kituoni; njiani, ruksa.

— Na kituo chenyewe kiko wapi?

— Kipo chini.

— Chini ni sisi, mzee!

Walicheka mpaka Faridi akainuka akatembea kidogo ili apumue. Hata Mzee Mwinshehe alitabasamu, huku mgongo wake ukiukumbatia ukuta kwa ushindi. Maswali yote yalikuwa yamemjia, na yote yamejibiwa.

Hapo ndipo walipomwona mwanamke amesimama kando ya jiko, mtoto mgongoni, kopo tupu mkononi. Alikuwa amepanda kutoka mchangani kuomba maji.

— Jambo bapapa, alisalimu kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa.

— Karibu, mama, alisema Bwana Abdulatif, akilipokea kopo na kulijaza maji. Jina lako nani?

— Melania. Tulivuka juzi. Nilikuwa nasikia mazungumzo yenu. Ile batu benye kupandishwa kule mbali... batarudia siku gani?

Faridi ndiye aliyewahi.

— Mama, usiwe na hofu. Mpanda ngazi hushuka.

— Ndiyo, papa. Siku gani?

— Aliye juu, mngoje chini, alisema Bwana Abdulatif, lakini kwa sauti ndogo.

— Na sisi tunangoja kurudia. Niliacha mihogo yangu kwenye maji, ya kulowana siku tatu, niitoe niianike. Nilisema nitakuwa nimerudia. Leo ni ya tano.

Kisha macho yake, yakifuata ya wengine, yakamfikia mzee mwenye kanzu safi aliyeegemea ukuta, kwa kuwa wote walikuwa wamemgeukia. Hiyo ilikuwa kazi yake. Lilikuwa swali la tarehe, na tarehe zilikuwa shamba lake. Mzee Mwinshehe alifungua kinywa. Zilimjia nyingi: ya reli, ya uhuru, ya kustaafu kwake, ya mafuriko, za wakimbizi wa mwaka 1972, na wa mwaka 1993, ambao aliwaona wakipita hapohapo wakisema watarudi wiki ijayo. Angeweza kumpa yoyote. Angeitaja pamoja na jina la siku, naye mama yule angeiamini, akashuka nayo mchangani akawaambia na wenzake.

Nikodemu aliinama mbele juu ya gunia, macho yamemtoka, akingoja.

— Sijui, mama, alisema Mzee Mwinshehe.

Akainuka. Akakung'uta kanzu yake, akatembea hatua zile chache kuelekea kwenye moshi kama mtu anayekwenda kukabidhi ofisi. Lakini Nikodemu hakuondoka. Alisogea tu, akaacha nusu ya gunia.

— Kaa, mzee. Hata mimi sijui.

— Mambo ya sheria haya, alinong'ona Faridi. Basi na mimi sijui. Nisogezeeni.

Wakabanana watatu juu ya chumvi, machozi ya moshi yakiwatoka, hakuna anayemtazama mwenzake. Benchi lilibaki tupu. Melania aliliangalia, akawaangalia wazee wale, akadhani ndiyo desturi ya mji huu kumpisha mgeni; akaketi kichwani mwa benchi, akamfungua mtoto mgongoni, akaegemea ukuta akafumba macho.

Bwana Abdulatif aliinamisha dele. Ilitoka kahawa ya kikombe kimoja, nyeusi, yenye machicha. Akampelekea.