Tableti Kwa Mizani ya Ndengu

— Mimi nilikuwa pale, na macho yangu haya mawili, Nyamai akaanza, na benchi lote likajua kahawa itapoa.

Hapa Mwingi wanamuita Shahidi, kwa sababu hakuna kitu kimewahi kutokea kwa hii barabara ya Garissa bila yeye kukiona, hata vile vilitokea akiwa amelala. Kazi yake ni broker wa ndengu. Anafunga macho, anainua gunia, anakuambia limepungua kilo ngapi. Leo hakuwa na gunia. Alikuwa na boksi kwapani, sili haijakatwa, na ndani yake tableti ya bei ya chini. Alikuwa amemnunulia binti yake Mutanu, anayesomea kuchora ramani za nyumba huko Kitui. Mutanu alikuwa ameomba ile ya bei ghali. Pesa ya ile ghali Nyamai alikuwa nayo, lakini alikuwa ameshaiposea pikipiki aliyotaka kununua. Kinuthia mwenye duka alisema atakubali kubadilisha mpaka saa kumi na moja, mradi sili ibaki hivyo. Ilikuwa saa kumi, msichana yuko njiani, na Nyamai alitaka benchi limwambie amefanya vizuri.

— Pale wapi? akauliza Musyoka, anayeitwa Injinia kwa sababu amewahi kufungua redio tatu na kufunga moja.

— Kwa Kinuthia. Tuliziweka zote mbili kwa mizani yangu ya ndengu. Hii ikashuka chini kama mwanaume. Ile ya matajiri ikabaki juu inapepea kama makapi. Kinuthia alifunga mlango upepo usiende nayo.

— Uzito ngapi?

— Hii, nusu kilo na kitu. Ile, robo haikufika. Sasa niambie, Injinia, elfu sitini unalipia nini? Hewa?

— Hapo umesema. Hizo za bei wametoa vyuma zote. Mimi nimefungua moja.

— Ulifungua lini? akauliza Kasiva, mama wa kahawa, akimimina kutoka kwa thamosi. Bisibisi ya Injinia anaijua. Ni moja, na imepinda.

— Ilikuwa ya mzungu wa kuchimba visima. Ndani hakuna kitu, mwaitu, mama yangu. Kuna taa ndogo inawaka. Kazi yote inafanyiwa Ulaya, halafu inatumwa na hewa. Wakilala huko, yako pia inalala.

Kisilu, dikoni wa kanisa, akaweka kikombe chini.

— Na hizo zinajua mtu uso. Shemeji yangu wa Matuu alinyoa ndevu, ikamkataa. Tulifunga siku tatu kuombea ndevu.

— Zikamea? Injinia akauliza.

— Siku ya pili. Hiyo ya tatu tulifunga ya shukrani.

Nyamai akaona mambo yanaenda vizuri, akaongeza chumvi.

— Ndugu ya hii yangu niliiona ikikanyagwa na lori ya ng'ombe, hapo kwa stage. Lori ndio ilipata pancha. Ng'ombe zikashuka, zikamaliza safari kwa miguu. Mwenyewe akaokota tableti yake, akaendelea kusoma matangazo ya vifo.

— Na ng'ombe hazikupewa moja moja? Kasiva akauliza. Nyamai, huyo msichana ako na mtihani Jumatatu. Akifeli, utamwambia mwalimu ilikuwa nzito?

Benchi likacheka. Nyamai pia akacheka, lakini boksi lilianza kumchoma kwapa.

Mutanu akashuka kwa boda, akasalimia wazee wote kwa mkono, akapewa boksi. Hakukata sili. Aliligeuza, akasoma maandishi ya nyuma pole pole mpaka mwisho, akarudia.

— Baba, hii inakubali kalamu ya kuchorea?

Injinia aliangalia lori inayopita kama ni ya kwake. Dikoni alikuwa amepata kitu cha maana sana ndani ya kikombe.

— Hii ni nzito, mama, Nyamai akasema.

— Naona. Lakini tunachora na kalamu, kwa kioo. Bila hiyo sifanyi mtihani. Ndio maana nilikuomba ile ingine.

Nyamai akaangalia saa. Kumi na dakika arobaini. Akaangalia pikipiki moja nyekundu ikipita, akaisindikiza na macho mpaka ikaingia kona.

— Twende kwa Kinuthia, akasema akiinuka. Lakini tukifika huko, usimuulize mambo ya mizani.

— Kwa nini?

— Ile ya bei ghali alikataa kuitoa kwa kabati la glasi. Tulipima hii peke yake. Uzito wa ile ingine niliutunga nikikuja hapa.