Mwalimu Zéphirin na Jina Ambalo Halikuandikwa kwenye Jalada

Ndugu mliokuja kutulilia, ninyi wa hapa Kasongo, ninyi wa Kabambare, na ninyi mliotembea kwa miguu kutoka Wamaza, mimi ni Anastasie, mdogo wake marehemu, niliyemfuata tumboni mwa mama. Familia ilipenda mwanaume asome karatasi hii, nikawaambia aka, sikubali, mwanaume gani kati yenu alikaa naye uani miaka sita, basi wakaniachia, na mimi ndiye nasoma. Nasoma polepole, kwa sababu macho yangu yamezeeka, na pia kwa sababu kuna jina la mutu mmoja ambalo kaka yangu aliulizwa na hakulitaja, na kati yenu wako waliokuja kulisikia, wala si kulia. Tunawajua, tumewakaribisha tangu saa mbili asubuhi, tumewapa viti vya mbele karibu na sanduku, na kama mila yetu inavyosema, matanga yakishafunguliwa hakuna anayeinuka mpaka udongo umfunike marehemu, maana anayeinuka kabla, watu husema mkono wake umo katika kifo hicho.

Mwalimu Zéphirin Kabemba Lukonga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika kijiji cha babu yetu kilichoko kwenye barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare, mutoto wa kwanza wa mzee Kabemba, mkulima wa mpunga, na wa mama Apolline, ambaye wote wawili wametangulia. Alibatizwa Krismasi ya mwaka uleule, akaanza shule ya msingi kwa mapadri hapa Kasongo mwezi wa Septemba 1967, akaimaliza mwaka 1973, akaendelea na sekondari, upande wa ualimu, akapata diplome yake mwezi wa Julai 1981, na siku aliyoileta nyumbani baba alichinja mbuzi wawili, yeye ambaye kwa kawaida kuchinja kuku mmoja tu kulimpa homa.

Kazi alianza tarehe 7 Septemba 1981 kule Kabambare, mwalimu wa darasa la tano, akafundisha huko na hapa Kasongo miaka thelathini na saba, na wengi waliokaa hapa, hata wale wenye tumbo kubwa, walipigwa na fimbo yake ya mwanzi. Tarehe 11 Julai 1987 alifunga ndoa na Marie-Jeanne, mjane wetu huyu, na Mungu akawapa watoto wanne, Évariste, Elsa, Dady na Sonia, wote wako hai na wote wako hapa, tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Wakati wa vita, mwaka 1998, tulipokimbilia porini tukakaa huko miezi saba, watoto walikuwa wanalia, na kilio cha mutoto kingeweza kutuua sote, hapo kaka akaanza kuwasimulia habari za sajini mmoja anayeitwa Kimbulu, anayepita msituni bila kukanyaga jani kavu, na watoto wakanyamaza wakisikiliza. Ndivyo Sajini Kimbulu alivyozaliwa. Vita vilipotulia aliandika habari zile, akapigisha chapa, akatoa kitabu cha kwanza mwezi wa Mei 2004, kurasa thelathini na mbili, kimebanwa kwa pini mbili, na waendesha pikipiki wakakisambaza mpaka Wamaza na mbele yake, na tangu kitabu hicho alijiwekea desturi, kwamba nakala kumi na mbili za kwanza zinapelekwa mahali panapotajwa katika hadithi, wenyeji wasome kabla ya wengine na waseme kama mwandishi amepita njia vizuri.

Sasa tuseme kweli, maana marehemu hakupenda sifa za uongo. Vitabu kumi na kimoja vilikuwa vizuri, na cha kumi na mbili, cha kumi na tatu na cha kumi na nne vilikuwa vibaya kabisa. Kimbulu alikwenda Dubai, ambako kaka hajafika, akaruka kutoka helikopta, ambayo kaka hajapanda, na kila akifungwa kamba alijiokoa kwa kipande cha kioo, hata wanafunzi wakawa wanamcheka mwalimu wao wakisema kioo kiko mfukoni, tugeuze ukurasa. Watu wakaacha kununua, Marie-Jeanne akawa anawashia makaa nakala zilizobaki, na mwaka 2015 kaka aliweka kalamu chini, akitoka shuleni akawa mutu wa kukaa kizingitini na kuuliza saa.

Tarehe 9 Juni 2018, siku ya Jumamosi, mwanamke mmoja alishuka pikipiki mbele ya nyumba hii, amejaa vumbi la siku mbili, akiwa na daftari la wanafunzi mkononi. Alikuwa mgeni wa Kivu ya Kusini, mjane, anauza wali na maharagi kwa wachimbaji wa dhahabu upande wa Wamaza, na wajane wauza maharagi huko ni wengi, msijihangaishe kuwahesabu. Alikuwa akiwasomea wachimbaji vitabu vya Kimbulu wakati wanakula, na katika daftari lile aliandika makosa yote, kwamba mutu hashuki shimoni na taa ya petroli, kwamba Kimbulu hajawahi kusikia njaa tangu kitabu cha pili, na la mwisho akamwambia kaka machoni, nami nilisikia kwa masikio yangu, "Papa, Kimbulu haogopi kitu, sasa sisi tutaogopa nini?"

Kaka alikasirika, hakumpa hata kiti. Alisema yeye ni mwandishi tangu huyu mama hajaota meno, na muuza maharagi anajua nini, na mwanamke akacheka, akaacha daftari mezani, akaenda kulala kwa mapadri. Siku kumi na nne kaka alilizunguka daftari lile, akalifungua, akalifunga, akagombana na mke wake bila sababu, na siku ya kumi na tano alimtuma Élysée, mwendesha pikipiki wetu, amfuate.

Namna walivyofanya kazi mimi naijua, kwa sababu walifanyia uani kwangu. Alikuja kila baada ya miezi miwili mitatu, akakaa juma moja, akawa anasimulia kwa Kiswahili cha Bukavu na mikono yake yote, na kaka anaandika kwa Kiswahili cha shule, na wanagombana, ee, walivyogombana, kwa neno moja tu chakula cha jioni kinaharibika. Ugomvi wao niliuamua mimi na akina mama wenzangu, tukimenya karanga. Sura ikimalizika kaka anatusomea, mikono yetu ikiendelea kumenya sura inachanwa papo hapo, na mikono ikisimama sura inabaki, na nakumbuka sura moja ya kitabu cha kumi na sita ilichanwa mara tisa, kaka akatoa machozi, na mwenzake akamwambia ya tisa ilikuwa karibu, papa, tuanze ya kumi.

Huyo ndiye aliyemfufua Kimbulu, sisi tulimwona akifufuka. Alimrudisha nyumbani kutoka Dubai, akamtia malaria, akamkata kidole na hakukirudisha, akampa mwenzake wa safari, mama anayejua mashimo kuliko yeye, na kioo cha mfukoni akakitupa mtoni. Adui pia alimbadilisha. Zamani adui wa Kimbulu alikuwa mzungu mwenye miwani myeusi, sasa akawa mutu wa adabu, anayebisha hodi, anayeongea kwa sauti ya chini, anayejua majina ya watoto wako na kuleta gunia la mchele kwenye matanga ya mutu aliyemwua. Kitabu cha kumi na tano kilipotoka, mwezi wa Februari 2019, watu waligombea nakala sokoni, na kaka yangu alirudi kutembea kifua mbele, nami nilifurahi, ingawa yule mutu wa adabu alinikosesha raha, maana mwenzake alipomsimulia hakuwa anatafuta maneno.

Jina la mwanamke huyo halikuwekwa kwenye jalada kwa sababu yeye mwenyewe alikataa. Kaka alimwomba mara nyingi, akasema haki ni haki, mikono ni miwili, na yeye anajibu siku yake itafika. Kaka alidhani ni unyenyekevu.

Sasa nafika pagumu, mnivumilie. Kitabu cha kumi na tisa kinaeleza shimo la dhahabu lenye pampu ya kunyonya maji, na wachimbaji watatu wako chini, na yule mutu wa adabu, mchana kweupe, anaagiza pampu ichukuliwe ikatengenezwe, kwa sababu watatu wale waliona mshipa mkubwa wa dhahabu na walikataa kunyamaza, na maji yanapanda. Uani kwangu mikono ilisimama yote. Mwenzake alisimulia sura ile mara moja tu, bila kugombana, na tulipomsifu alikwenda kukaa nyuma ya nyumba. Mahali pa shimo hakupataja, akasema liwe shimo tu. Lakini kaka alipofika kwa mpiga chapa aliona hadithi bila jina la mahali ni kama mboga ya sombe bila chumvi, basi akaandika machimbo ya Tujikaze, kwa sababu alikumbuka mwenzake aliwahi kuuza chakula huko, na kitabu kilipotoka, tarehe 12 Agosti 2023, alishika desturi yake, akafunga nakala kumi na mbili, akazipeleka Tujikaze.

Kumbe ilikuwa kweli, na yule mutu wa adabu naye yupo. Wachimbaji watatu walizama pale mwaka 2017, watu waliambiwa ardhi ilibomoka, na mmoja wao alikuwa mume wa yule mwanamke. Alimsimulia kaka yangu kifo cha mume wake, naye kaka akapanga koma na vituo, akidhani ni akili ya mwenzake inatunga. Aliposikia kwamba vitabu vimekwenda Tujikaze, mwanamke hakupiga kelele, alimwambia tu, "Papa, umewapelekea barua yangu."

Mwezi wa Oktoba ilifika barua isiyo na jina la mwandishi, ya adabu sana, inasifu kitabu, inasema msomaji amefuata Kimbulu tangu namba moja, na anaona kuanzia namba kumi na tano kuna mkono wa pili, kwa sababu mkono wa kwanza haukujua mashimo, na angependa kumpongeza mwenye mkono huo ana kwa ana. Nimewahi kusikia risasi zikipita juu ya kichwa changu, lakini barua ile ndiyo iliyonifanya nifunge mlango kabla ya jua kuzama. Ikaja ya pili Desemba, ya tatu Januari, na hiyo ya tatu ilitaja majina ya watoto wanne wa marehemu kwa mpangilio wa kuzaliwa. Tangu hapo yule mwanamke tulimficha, leo kwa huyu kesho kwa yule, na kaka akatangaza kila mahali kwamba anaandika peke yake, na watu wakamcheka, maana walikuwa wamesoma.

Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, akitoka Kabambare kuona pensheni yake, watu wanne walisimamisha pikipiki yake, wakamkalisha juani kandokando ya barabara, kuanzia saa tatu hadi saa tisa, bila maji, mzee wa miaka sitini na miwili mwenye tansion, ugonjwa wa damu kupanda. Hawakumpiga. Walimwuliza swali moja, nani, kwa sauti ya chini, tena na tena, na yeye alijibu ni mimi, ni mimi, ni mimi. Élysée aliyekuwa akimwendesha alikalishwa ng'ambo ya barabara, naye ndiye shahidi wetu. Kaka alifika nyumbani upande wa kushoto umekufa na mdomo umepinda, tukamlaza hospitali hapa Kasongo, akakaa siku kumi na tisa, na Jumapili ya Matawi, tarehe 24 Machi, saa nne asubuhi, alikata roho mkono wake ukiwa mkononi mwa Marie-Jeanne. Daktari ameandika tansion, nasi hatubishani na daktari. Lakini nina uchungu, ninasema wazi nina uchungu, kaka yangu hakustahili kufa anaulizwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, walimu wenzake waliobeba sanduku, mapadri, majirani zetu Waislamu waliotuchimbia kaburi tangu alfajiri, waendesha pikipiki wote, na akina mama wa karanga, ambao leo mikono yao imesimama.

Limebaki jina. Nimelifikiria siku mbili, na mwenye jina ndiye aliyeniamuru. Aliniambia, mama Anastasie, maadamu jina langu limefichwa, kila mjane anayeuza maharagi Tujikaze ni mimi, na kila mutu wa nyumba yenu anaweza kukalishwa juani kwa ajili yangu, kwa hiyo nikishavuka mto ulitaje, wasibaki na la kumwuliza mutu. Saa mbili asubuhi, ninyi wa mbele mkikalia viti hivi, yeye alipanda pikipiki ya Élysée na madaftari yote, pamoja na majina ya watatu wale na la aliyeichukua pampu. Hili haliko kwenye karatasi, ujumbe umeniingia nikiwa katikati ya kusoma, simu iko hapa, amevuka mto Lualaba, na ng'ambo wako watu wanaomngojea na pikipiki nyingine.

Anaitwa Deborah M'Cirhuza, mjane wa Kadogo aliyezama Tujikaze. Yeye na marehemu waliandika Sajini Kimbulu kuanzia namba kumi na tano, na namba ishirini itatoka na majina mawili kwenye jalada.

Kaka Zéphirin, jina ulilolifunga kinywani mwako hadi mwisho, sisi tumelisema, na sasa hakuna atakayekuuliza tena. Lala, kaka yangu, lala na amani ya Mungu.